Uzoefu wangu: kupima tangi la chuma kwa picha, Industrial Area, Nairobi

Karakana yetu hutengeneza matangi makubwa ya chuma, na taabu yetu ya siku zote imekuwa flanji, yaani pete za chuma zenye matundu ya bolti ambako bomba huungwa na tangi. Mabomba huandaliwa na watu wengine, kwa hiyo matundu ya bolti yasipokaa mahali pake, kreni hukodiwa bure na fundi hulazimika kukata na kuchomelea upya. Ndiyo maana tulikodi huduma ya fotogrametria ya karibu, yaani kupima kitu kwa picha nyingi zinazopigwa karibu nacho kutoka pande mbalimbali.

Wapimaji walibandika vibandiko vidogo vinavyorudisha mwanga, vingine vikiwa na alama ambazo programu huzitambua yenyewe, wakaweka kando ya tangi fito mbili za nyuzi za kaboni ambazo urefu wake umethibitishwa. Kisha mmoja wao alilizunguka tangi akipiga picha kutoka chini na kutoka juu ya ngazi, fokasi ya lenzi ikiwa imefungwa kwa tepu isisogee. Kila mahali aliposimama alipiga picha kamera ikiwa mlalo, halafu wima. Alinieleza kwamba miale inayofika kwenye nukta moja ikikutana kwa pembe pana, na kamera ikigeuzwa hivyo, programu hukokotoa kwa pamoja mahali pa nukta, mahali pa kamera na hata kasoro za lenzi. Bila zile fito, picha zingetoa umbo sahihi lisilo na ukubwa.

Kazi hii ikifanywa vizuri hufikia usahihi wa sehemu 1 kwa 100,000, yaani milimita 0.1 kwenye kitu cha mita 10. Kwetu ilifichua flanji moja iliyoinama, tukainyoosha tangi likiwa bado karakanani.

Jambo ninalowasisitizia wenzangu ni joto. Chuma hutanuka takriban mikromita 12 kwa kila mita kwa kila nyuzijoto moja ya Selsiasi, kwa hiyo tangi la mita 10 likipata joto zaidi kwa nyuzi 10 hurefuka milimita 1.2, na usahihi wote niliousifu humezwa hapo. Chini ya mabati yetu, asubuhi na adhuhuri si hali moja. Ripoti ya kwanza haikutaja halijoto ya chuma, nikaidai, ikaletwa. Msipokee ripoti isiyo nayo.

Tena, njia hii hupima palipobandikwa tu, na penye vumbi la grainda vibandiko havishiki, hivyo uso usafishwe kwanza. Kwa tangi la mita 2 nisingeingia gharama hiyo, kwani futi na pimamaji zinatosha. Kwa linalokwenda kuunganishwa Mombasa, nitawaita tena, na nitaomba waanze saa kumi na mbili asubuhi.