Nusu Dola za Kumbukumbu za Marekani: Uanze na Ipi?

Anayeanza kukusanya sarafu za fedha za kumbukumbu za Marekani hukutana mapema na jambo la kumchanganya: sarafu kongwe kuliko zote ni miongoni mwa zile za bei rahisi. Umri hapa hausemi kitu. Bei inapangwa na idadi ya sarafu zilizonusurika kuyeyushwa, na hali ya uso wa ile uliyoishika mkononi.

Ninazozungumzia ni zile za mwaka 1892 hadi 1954. Karibu zote ni nusu dola. Nje ya hizo ipo robo dola moja na dola moja. Kila nusu dola ina gramu 12.5, asilimia 90 fedha na iliyobaki shaba, kwa hiyo fedha tupu ni gramu 11.25. Zidisha kwa bei ya gramu ya fedha ya siku hiyo, utajua kiwango ambacho muuzaji mkweli hawezi kushuka chini yake. Ukihesabu kila mwaka na kila kiwanda cha kugonga sarafu (Philadelphia, Denver chenye herufi D, San Francisco chenye herufi S), seti nzima ni sarafu 144. Ukichukua moja ya kila aina, ni 50. Usianze na seti yoyote kati ya hizo. Nunua moja, kisha nyingine, kwa mpangilio huu.

1. Oregon Trail (1926–1939)

Pesa ya kwanza ningeiweka hapa, kwenye sarafu ya kukumbuka njia ya wahamiaji waliokwenda magharibi mwa Marekani. Waliochora ni mtu na mkewe, James Earle Fraser na Laura Gardin Fraser. Upande mmoja kuna mkokoteni unaovutwa na maksai kuelekea jua linalozama. Upande wa pili Mmarekani wa asili amesimama na upinde wake, mkono ameunyoosha, ramani ya nchi ikiwa nyuma yake. Wakusanyaji wengi wanasema hakuna nzuri kuizidi, nami sibishani nao.

Iliendelea kutolewa kwa vipindi hadi 1939. Waliokuwa wakiziuza sarafu hizi waligundua kuwa ukibadilisha tu mwaka au herufi ya kiwanda, mkusanyaji hununua tena. Ujanja huo ulienea kwenye sarafu nyingine pia, na mwaka 1939 Bunge la Marekani likaukomesha. Wewe moja inakutosha. Ya 1926 yenye herufi S hupatikana kirahisi; ya 1937 yenye D inasifika kwa kugongwa vizuri. Za 1939 ziache, ziligongwa takriban 3,000 tu kwa kila kiwanda.

2. Columbian (1892–1893)

Ndiyo ya kwanza katika historia ya sarafu za kumbukumbu za Marekani, iliyotolewa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Chicago. Iliuzwa dola moja ilhali thamani yake ni senti 50, na kampuni iliyouza mashine za kuchapa za Remington ililipa dola 10,000 kwa ile ya kwanza kabisa. Umma haukuwa na wazimu huo. Zilizododa zilimwagwa mitaani zikatumika kama pesa ya kawaida, ndiyo maana leo zilizochakaa ni tele na bei yake haipishani sana na ya fedha iliyomo. Ni shule nzuri kwa jicho: nunua iliyochakaa kwa kutumika tu, uone uchakavu wa kweli unavyoonekana kwenye shavu la Columbus na kwenye tanga za meli. Lakini zenye mng'ao kamili bei yake si rahisi hata kidogo.

3. Booker T. Washington (1946–1951) na Carver-Washington (1951–1954)

Mchongaji wa zote mbili, Isaac Scott Hathaway, alikuwa Mwamerika mweusi wa kwanza kubuni sarafu ya nchi hiyo, na Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi wa watu weusi, ndiye mweusi wa kwanza kuonekana juu yake. Wakusanyaji wengi wamezidharau kwa miaka mingi kwa madai kwamba sura yake haivutii. Vizuri, bei ikabaki chini. Ya 1946 ya Philadelphia iligongwa zaidi ya milioni moja. Uzuri uko kwenye miaka ya 1948 na 1949: zilizotoka ni elfu chache kwa kila kiwanda, na bado haziumizi mfuko kama uhaba wake ungekufanya udhani.

4. Iowa (1946)

Safi, nyingi, na ni rahisi kuipata katika daraja la juu. Jimbo lilihifadhi 500 za kuuzwa mwaka 1996 na nyingine 500 za mwaka 2046.

5. Stone Mountain (1925)

Rahisi kuipata. Ila imebeba Lee na Jackson, majenerali wa upande uliopigania utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na ndiyo maana nimeiweka mwisho.

Hawaii ya 1928 (takriban 10,000 tu, na bei yake iko juu hata ikiwa na dosari), Missouri yenye nyota, robo ya Isabella na dola ya Lafayette zisubiri. Hizo hughushiwa na kusuguliwa mara nyingi.

Kusugua ndiko balaa kubwa. Sarafu iliyosafishwa hung'aa kwa weupe mfu, na ukiigeuza chini ya taa utaona mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja. Rangi ya kijivu au ya dhahabu iliyojijenga yenyewe usiiguse. Kwa kitu cha bei, dai kilichofungwa katika kasha la PCGS au NGC, kampuni zinazothibitisha sarafu na kuzipa madaraja, kisha hakiki namba yake kwenye tovuti yao na ulinganishe picha, maana hata makasha hughushiwa. Daraja la MS-63 au MS-64 linatosha (sarafu ambazo hazijatumika hupangwa kuanzia MS-60 hadi MS-70); hatua moja kwenda MS-65 wakati mwingine hupandisha bei maradufu.

Mnadani, kumbuka ada ya mnunuzi, mara nyingi karibu asilimia 20, kabla hujaongeza usafirishaji, bima na ushuru wa forodha. Na kama unakaa Dar au Mombasa, usiweke sarafu kwenye vifuko laini vya plastiki ya PVC: joto na unyevu huvifanya vitoe ute wa kijani unaokula fedha. Tumia vifuko vya mylar (plastiki isiyo na PVC), boksi linalofunga vizuri, na pakiti za silika za kunyonya unyevu unazozibadilisha kila zinapolowa.