Baiskeli ya Umeme ya Mizigo na Mbwa: Anza na Stendi

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Kabla hamjaniuliza mota ina nguvu kiasi gani na betri inafika wapi, naomba mtazame hapa chini, kwenye vyuma hivi viwili vinavyogusa sakafu. Hii ndiyo stendi, na ndiyo iliyonikasirisha hadi nikaamua kurekodi video hii. Watengenezaji wa baiskeli za umeme za mizigo hutusifia mota kwa kurasa nzima, kisha stendi wakaipa mstari mmoja, ilhali mtu anayebeba mbwa hupata taabu zake karibu zote baiskeli ikiwa imesimama. Ikishaanza kwenda, baiskeli yoyote iliyotengenezwa vizuri itambeba mbwa bila matata. Kazi ni kumpandisha, kumtuliza wakati unamfunga, na kumshusha huku mfuko wa unga umo ndani na mkono wako mmoja umeshika kamba.

Nina baiskeli mbili hapa, na majina yake nimeyafunika kwa utepe mweusi, kwa sababu kasoro nitakazoonyesha ni za maumbile ya baiskeli zenyewe na mtazikuta kwa watengenezaji wengi. Ya kwanza ina sanduku mbele, kati ya usukani na gurudumu dogo la mbele, muundo ambao wengi wenu mnaujua kupitia Urban Arrow ya Uholanzi au Load ya Riese & Müller ya Ujerumani. Ya pili ni ya mkia mrefu: mbele ni baiskeli ya kawaida, lakini keria ya nyuma imerefushwa na kuimarishwa, kama ilivyo kwenye Tern GSD. Taa, kengele na skrini nitaziruka, maana mmekwisha kuziona kwenye video za kila mtu.

Kuhusu mota nitasema machache. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, mota ya baiskeli inayohesabiwa kuwa baiskeli tu ina kikomo cha wati 250, na msaada wake hukatika kwenye kilomita 25 kwa saa. Marekani, baiskeli za umeme za kundi la kwanza (Class 1) hukomea maili 20, yaani takriban kilomita 32 kwa saa. Kwa hiyo wati hazitakusaidia sana kuchagua. Kinachokupandisha mlima ukiwa na mzigo ni nguvu ya msokoto, ambayo hupimwa kwa nyutoni-mita, na mota ya katikati, ile inayokaa kwenye pedali, yenye takriban 85, kama ile ambayo Bosch huiuza mahsusi kwa baiskeli za mizigo, inatosha kuondoka katikati ya mlima ukiwa na mbwa mkubwa na vitu vya dukani. Mota ya kwenye kitovu cha gurudumu ni nafuu na haichakazi mnyororo haraka, lakini kwenye mlima mrefu na mzigo mzito huchemka. Hayo yanatosha, turudi kwenye stendi.

Naanza na hii ya mkia mrefu. Nakanyaga stendi, navuta keria nyuma, baiskeli inapanda na kusimama, na mpaka hapo kila mtu katika video ya matangazo anatabasamu. Sasa namwita Chui, mbwa mwenye kilo 30 na asiye na subira. Tazameni gurudumu la mbele wakati anaporuka juu ya keria: uzito wake wote umeangukia nyuma ya miguu ya stendi, gurudumu la mbele limenyanyuka, na usukani umejigeukia wenyewe upande mmoja. Haijaanguka, lakini imeyumba, na mbwa aliyeyumbishwa mara ya kwanza huanza kusitasita mara ya pili. Tazameni pia nafasi iliyopo kati ya miguu ya stendi, ambayo ni nyembamba kuliko keria iliyo juu yake. Mbwa akihamia pembeni kunusa mfuko, mstari wa uzito wake unatoka nje ya miguu hiyo, na mkono wangu ndio unaoizuia baiskeli isilale.

Jambo baya zaidi ni anaposhuka, na nitalirudia polepole. Chui anageuka, anaruka kwenda nyuma, na miguu yake inaisukuma baiskeli kwenda mbele. Stendi za aina hii hukunjika baiskeli inaposogea mbele, kwani ndivyo sisi wenyewe tunavyozikunja tunapotaka kuondoka. Kwa hiyo mbwa, bila kujua, anafanya kitendo kilekile cha kukunja stendi, na mizigo iliyobaki inakwenda chini pamoja na baiskeli. Mmesikia huo mlio? Ni kioo cha pembeni, si mbwa, lakini siku nyingine inaweza kuwa mguu wa mbwa.

Sasa sogezeni macho kwenye ile ya sanduku. Stendi yake ina miguu iliyotanuka karibu sawa na sanduku, iko chini ya mzigo wenyewe, na sakafu ya sanduku iko chini kiasi kwamba Chui anaingia kwa kupiga hatua ndefu tu. Anaposhuka kupitia mbele, anaisukuma baiskeli kwenda nyuma, upande ambao stendi imefika mwisho wake na haiwezi kukunjika. Naomba mwone tena: mbwa yuleyule, mruko uleule, na baiskeli haikusogea hata kidogo. Hakuna mahali katika karatasi ya vipimo ambapo utasoma habari hii, na kwangu ina uzito kuliko kilomita kumi za ziada za betri.

Haki itendeke kwa wenye mkia mrefu, wapo waliolifikiria jambo hili. Tern wameiwekea GSD stendi inayojifunga yenyewe inaposimamishwa, nayo hufunguliwa kwa wenzo mdogo uliopo kwenye usukani, jambo ambalo linazuia kabisa ule mkunjo niliowaonyesha. Kama baiskeli unayoitaka haina kifungo cha namna hiyo, zungushia mpira imara kwenye mkono wa breki ili gurudumu lisizunguke wakati wa kupakia. Mpira huo haugharimu chochote cha maana, na nashangaa kwamba baiskeli za bei kubwa kiasi hiki huja bila hata huo.

Mbwa akishaingia, mfunge kwa kamba fupi iliyoshikizwa kwenye mkanda wa kifuani, kamwe isiwe kwenye ukanda wa shingoni, kwa sababu akiruka akiwa amefungwa shingoni atajinyonga ubavuni mwa baiskeli. Urefu wa kamba umruhusu kulala na kukaa, lakini usimruhusu kupitisha mabega juu ya ukingo. Chini tandika mkeka wa mpira, kwani sakafu ya mbao iliyopakwa vanishi huteleza, na mbwa anayeteleza hukaa kwa wasiwasi akitafuta pa kushika kwa kucha. Turubai ya plastiki ya kuzuia mvua ni nzuri wakati wa mvua tu. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na ndani ya plastiki iliyofungwa juani hewa hupata joto na unyevu mpaka kuhema hakumsaidii tena, kwa hiyo fungua mbele na pembeni mara mvua inapokatika.

Kabla ya kununua, mpime mbwa wako akiwa amelala amejikunja na akiwa amekaa, kisha ulinganishe na sakafu ya sanduku, wala usilinganishe na upana wa juu wa sanduku, maana masanduku mengi hupungua kadiri yanavyoshuka. Halafu piga hesabu ya uzito, ambayo wauzaji wengi huiacha ikining'inia. Kikomo kinachoandikwa kwenye fremu, tuseme kilo 200, kwa kawaida hujumuisha baiskeli yenyewe na wewe uliyepanda. Ukitoa kilo 40 za baiskeli na 80 za mwendeshaji, umebakiwa na 80 kwa mbwa, sanduku la nyongeza na manunuzi. Kwenye mkia mrefu angalia pia kikomo cha keria peke yake, ambacho ni kidogo zaidi.

Bei najua mnaisubiri. Hizi ni baiskeli ghali, zote mbili, na ya sanduku huwa juu zaidi, na kinachoniudhi ni kwamba vifaa vya mbwa, yaani mkeka, mlango na vishikizo vya kamba, aghalabu huuzwa kando kana kwamba mbwa alikuwa wazo la baadaye. Hilo huwasukuma watu kwenye baiskeli rahisi zisizojulikana zilikotoka, na hapo nina neno la tahadhari. Mwezi Februari 2024, mamlaka ya Uholanzi ya usalama wa bidhaa, NVWA, iliiamuru kampuni ya Babboe isitishe kuuza baiskeli zake za mizigo kwa sababu ya hatari ya fremu kukatika, na hiyo ilikuwa kampuni kubwa yenye jina. Ukinunua iliyotumika, angalia maungio ya chuma chini ya sanduku kwa tochi, na uulize namba ya fremu kabla ya kulipa. Kwa upande wa betri, tafuta kwenye baiskeli alama ya kiwango cha usalama cha Marekani cha UL 2849 au cha Ulaya cha EN 15194, kwa kuwa betri hii utaichaji ndani ya nyumba unamolala.

Nilipoanza video hii nilikuwa na nia ya kuwaambia mnunue ya sanduku na mwondoke. Bado ndivyo nionavyo kwa mbwa yeyote anayezidi kilo 20 hivi, ila nikimtazama Karanga, mbwa mwingine ambaye ni mdogo na anapenda kukaa ndani ya kikapu kirefu, sioni sababu ya kumsukumia mtu baiskeli yenye urefu wa mita mbili na nusu ikiwa hana pa kuiweka. Zipo za mkia mrefu zinazoingia penye nafasi ya baiskeli ya kawaida, na nyingine husimamishwa wima ukutani. Mbwa mdogo hainyanyui gurudumu la mbele, na wewe ndiye unayempakia na kumshusha kwa mikono, kwa hiyo ile kasoro ya kuruka nyuma haipo.

Na magurudumu matatu? Mmekuwa mkiniuliza hilo kwenye maoni tangu mwaka jana. Muundo huo una historia ndefu Denmaki, ambako baiskeli za Christiania zilianza kutengenezwa mwaka 1984, na ukisimama hauhitaji stendi kabisa. Taabu yake ni kwenye kona: zisizoinama hunyanyua gurudumu la ndani ukiingia kwa kasi, na mbwa aliyehamia upande wa nje wa kona huongeza hatari hiyo. Zipo zinazoinama, kama za Butchers & Bicycles, lakini zina mambo mengi ya kutunza. Hata hivyo, kwa mbwa mzee mwenye nyonga mbovu, anayehitaji kuingia kwa kutembea kupitia mlango wa mbele, nitakubali mwendo wa polepole kwenye kona na nitachagua matatu bila kusita.

Hii ya mkia mrefu inarudi kwa mwenyewe wiki hii, na ya sanduku inabaki nami kwa muda ili niipime breki ikiwa imejaa, kwa kuwa zake ni za diski zinazotumia mafuta na nataka kuona zinavyohimili mteremko mrefu. Video hiyo ndiyo inayofuata kwenye chaneli, na wenye maswali kuhusu pedi za breki wayaandike hapa chini mapema. Ukienda dukani kabla ya hapo, nenda na mbwa wako, mwombe muuzaji asimamishe baiskeli katikati ya sakafu, kisha mwache mbwa apande na ashuke mwenyewe huku umeshika usukani kwa mkono mmoja tu.