HUD-VASH au SSVF: mwanajeshi wa zamani asiye na makazi aanzie wapi?

Marekani ina mipango miwili mikubwa ya kumrudisha mwanajeshi wa zamani kwenye nyumba, na watu huichanganya.

HUD-VASH, mpango wa pamoja wa Wizara ya Makazi (HUD) na Idara ya Maveterani, ulioanza 1992 na kupanuliwa sana 2008, hutoa vocha ya kodi ya nyumba pamoja na mhudumu wa Idara ya Maveterani anayemfuatilia mpangaji. Kwa kawaida mpangaji hulipa takriban asilimia 30 ya kipato chake, vocha inabeba sehemu kubwa ya kodi iliyobaki. Msaada huu hauna tarehe ya kuisha mradi bado anastahili. Ndiyo maana unamfaa zaidi aliyelala nje kwa muda mrefu, au anayepambana na ulevi au msongo wa vita. Ugumu wake? Nyumba lazima ikaguliwe, na kumpata mwenye nyumba anayekubali vocha ni kibarua cha peke yake.

SSVF (Supportive Services for Veteran Families), mpango wa Idara ya Maveterani, ni msaada wa muda mfupi. Mashirika yasiyo ya kiserikali hupewa ruzuku, nayo hulipa dipoziti, malimbikizo ya kodi, hata bili ya umeme, kwa familia nzima. Humwokoa pia ambaye bado hajafukuzwa kwenye nyumba, na hapo naona ndipo nguvu yake ilipo. Baba aliyepoteza kazi majuzi hahitaji vocha ya miaka, anahitaji kusukumwa kidogo tu.

Tena si lazima kuchagua moja: SSVF inaweza kumlipia dipoziti mwenye vocha ya HUD-VASH.