Darubini ya 8x42 kwa Kutazamia Shakwe wa Mto Thames

Darubini hii ya macho mawili (8x42, yaani hukuza mara nane na lenzi zake za mbele zina kipenyo cha milimita 42) inafaa sana kando ya mto Thames, jijini London, wakati wa baridi, kwa kuwa picha yake hubaki angavu hata mawingu yakitanda mchana kutwa. Shakwe wa Kaspi mchanga, aliye adimu katikati ya kundi la shakwe wa kawaida, nilimtambua kwa kichwa cheupe, mdomo mrefu mwembamba na miguu mirefu. Shakwe wa aina mbili za Aktiki, ambao ncha za mbawa zao hazina weusi, hawasumbui kuwatofautisha na wengine. Bali kumtenganisha yule wa aina ndogo kwa umbo, ambaye mbawa zake hupita mkia kwa urefu mkubwa zaidi, na yule wa aina kubwa mwenye mdomo mnene, akiwa ametua ng'ambo ya mto, kunahitaji darubini kubwa ya stendi. Mkanda wa shingoni, kwa bei ya darubini hii, ni duni mno.