Tumeipima: barua ya mfano ya kukubali kupunguziwa mshahara "kwa muda"

Ni karatasi moja ya A4. Ingia steshenari yenye mchapaji mzoefu, Posta au Kariakoo jijini Dar es Salaam, mwambie ofisi inataka kupunguza mshahara kwa miezi michache: ataifungua kwenye kompyuta, atabadilisha jina na tarehe, atakutolea nakala mbili. Hata maafisa utumishi hugawa karatasi ya aina hiyohiyo, nembo tu ndiyo mpya. Tumeipa alama 2 kati ya 5.

Hizo mbili imezipata kihalali. Ina Kumb. Na., ina "YAH:", inataja tarehe ya barua ya mwajiri inayojibiwa, na ina nafasi ya sahihi za pande zote mbili. Si jambo dogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inamtaka mwajiri anayebadilisha masharti ya kazi yaliyoandikwa ashauriane na mfanyakazi, kisha amjulishe badiliko hilo kwa maandishi. Tangazo ubaoni linaloanza na "kuanzia mwezi huu" si mashauriano.

Inaharibikia aya ya pili: "Ninakubali kupunguziwa mshahara wangu kwa asilimia ___ kuanzia tarehe ___ hadi hali ya biashara itakapotengemaa."

Itatengemaa lini, na nani wa kutamka kwamba imetengemaa? Sentensi hiyo ina mlango wa kuingilia, wa kutokea haina. Bila tarehe ya mwisho, mshahara mpya unageuka kuwa ndio mshahara, na mwaka ukipita wewe ndiye utakayeonekana unaomba nyongeza. Ifute, uandike: "kwa miezi 3, kuanzia tarehe ___ hadi tarehe ___. Baada ya hapo mshahara utarejea Sh ___ bila kuhitaji barua nyingine. Kuongeza muda kutahitaji makubaliano mapya ya maandishi." Maneno "bila kuhitaji barua nyingine" ndiyo yenye uzito wote.

Kosa la pili ni neno "mshahara" lililoachwa peke yake. Asilimia hiyo ni ya mshahara wa msingi, au ya jumla pamoja na posho za nyumba na usafiri? Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na kiinua mgongo cha kuachishwa kazi huhesabiwa kwa siku 7 za mshahara huohuo wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, ukomo miaka 10. Mwajiri akiwa mgumu kushuka chini ya asilimia anayoitaka, mwombe akate kwenye posho aache msingi. Yeye anaokoa fedha ileile mwezi huo; wewe hupotezi kipimo. Ikishindikana, ongeza mstari: "Notisi, likizo na kiinua mgongo vitaendelea kuhesabiwa kwa mshahara wa awali." Bila mstari huo, anayepunguzwa kazini mwezi wa pili wa makubaliano anaweza kuhesabiwa haki zake kwa mshahara uliokwisha kukatwa.

Tatu, barua inachanganya kupunguza na kuahirisha. Kupunguza ni kusamehe: fedha hiyo hutaidai tena. Kuahirisha ni kumkopesha mwajiri, na mkopo unataka kiasi na ratiba. Kama mlizungumza kuahirisha, andikeni italipwa mwezi gani na kwa mafungu mangapi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na "tunajuana" haiingii kwenye daftari.

Karatasi hii pia haina hesabu, na watu husaini asilimia bila kujua mfukoni itabaki nini. Chukua jumla ya Sh 1,200,000 inayokatwa robo. Kabla: mchango wa mfanyakazi kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 ni 120,000, kodi ya PAYE (kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara) kwenye 1,080,000 iliyobaki ni 152,000, mkononi 928,000. Baada: jumla 900,000, NSSF 90,000, kodi 80,500, mkononi 729,500. Kwa hiyo punguzo la 300,000 kwenye karatasi ni 198,500 mfukoni, kwa kuwa kodi na mchango wa NSSF navyo vimeshuka. Usishangilie mapema: mwajiri naye akichangia asilimia 10, akiba yako NSSF inapungua 60,000 kila mwezi, na marejesho ya mkopo wa benki hayashuki hata senti. Zungumza na benki kabla ya kusaini. Anayelipa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu asilimia 15 ahesabu upya msingi ukikatwa, maana nayo inafuata mshahara wa msingi.

Saa za kazi hazitajwi kabisa. Wiki ya saa 45 ikikatwa asilimia 20 ni saa 36, yaani siku moja ya saa 9. Kuomba siku hiyo si ufidhuli. Mara nyingi mwajiri asiye na fedha ana siku za kutoa.

Kuna hali ambazo barua hii haifai hata ukiirekebisha. Mshahara mpya ukishuka chini ya kima cha chini cha sekta yako kilichowekwa kwenye amri ya mishahara, sahihi yako haiuhalalishi. Na penye mkataba wa hali bora za kazi, jambo hilo ni la meza ya chama cha wafanyakazi. Mtu mmojammoja asiitwe ofisini kusaini.

Ukikataa, hujatenda kosa la nidhamu, ila mwajiri anaweza kugeukia kupunguza wafanyakazi. Huko nako sheria inamtaka atoe notisi, aeleze sababu, na ashauriane kuhusu njia za kuepuka upunguzaji na vigezo vya kuchagua nani aondoke. Kibaya kuliko kukataa ni kunyamaza: ukipokea mshahara pungufu miezi mitatu bila neno, ukimya huo unaweza kusomwa kama ridhaa. Andika pingamizi mara tu malipo ya kwanza yanapoingia pungufu. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60 tangu uibuke, kwa fomu CMA F.1. Nakala anapewa mwajiri kwanza, na ushahidi kwamba ameipokea unakwenda nao Tume. Wengi hukwama hapo, wanafika na fomu iliyojazwa vizuri isiyo na uthibitisho wa kupokelewa.

Basi tumia umbo lake, badilisha tumbo lake. Toa nakala mbili, zote zisainiwe na mwenye mamlaka ya kusaini mikataba, si msimamizi wa zamu, na yako igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Mchapaji akilalamika kwamba maneno hayaenei kwenye ukurasa mmoja, aongeze wa pili, na sahihi ziwekwe kurasa zote mbili.