Kahawa ya kichochoroni nyuma ya Ngome, Lamu: kahawa tamu na somo la siasa za Misri juu yake

Jamani wenyeji na wageni, kama hamjakaa kwenye kile kibaraza cha kahawa nyuma ya Ngome mmekosa kitu. Kahawa tungu shilingi 10, tangawizi imekolea, kashata za nazi laini hazigandi menoni. Mbaazi na mahamri saa mbili asubuhi zishaisha, hapo wapike zaidi, nimerudi mikono mitupu mara tatu.

Lakini mimi nimeandika kwa sababu ya mzee mwenyewe. Ujanani alisoma Misri, na baada ya isha tivii iko kwenye Kiarabu, yeye anamimina kahawa huku anatufasiria. Juzi nikamuuliza mzee, mbona Misri vyama chungu nzima na bungeni sauti moja? "Ndoo mwanangu, keti." Akavuta sinia, akapanga kashata 10, ndio bunge zima.

Mwaka 2011, Rais Mubarak keshaondoka, Ikhwani, yaani Udugu wa Kiislamu, na chama chao cha Uhuru na Haki waliongoza Muungano wa Kidemokrasia, mwanzo chama cha Wafd kimo na chama cha Nour cha Kisalafi, wale wa dini kali, kimo, kabla ya kura wote wawili wakatoka, Wafd wakagombea peke yao, Nour wakaunda kambi yao. Theluthi mbili ya viti ilikuwa ya orodha za majina za vyama, theluthi iliyobaki ya mtu mmoja mmoja, na orodha zinagawana kwa kadiri ya kura. Muungano ukatoka na viti 235 kati ya 498, mzee akasukuma kashata tano upande mmoja, mbili kwa kambi ya Nour, moja Wafd, moja muungano mwingine ukiitwa Kambi ya Wamisri, iliyobaki ya vyama vidogo na wasio na chama. Juni 2012 mahakama ya katiba ikalivunja bunge kwa sababu watu wa vyama walisimama kwenye ile theluthi ya wagombea binafsi.

Halafu akazirudisha kashata zote katikati akazizoa kwa mkono mmoja. Hiyo ndio kura ya 2015, akasema. Orodha ikipita nusu ya kura inabeba viti vyote vya orodha vya eneo lile, anayefuata hapati hata kimoja. Orodha ya Fi Hob Misr, yaani Kwa Mapenzi ya Misri, ikachukua viti vya orodha 120 vyote. Mwaka 2020 orodha iliyoongozwa na chama cha Mostaqbal Watan ikachukua 284 vyote, na Wafd wamo humohumo.

Mimi pale ndio nikafunguka macho, wallahi, maana sisi Kenya tangu muungano wa NARC 2002 tunaungana kusaka urais, kule chama kidogo kikiachwa nje ya orodha kimebakiwa na viti vya mtu mmoja mmoja tu, kwa hivyo mvutano wote uko kwenye kupanga majina, mpiga kura anakuja mambo yashapikwa. Inaniuma, kwa sababu zile kashata moja moja za wadogo ndizo zilizokuwa zinauliza maswali.

Nendeni mapema, mabenchi ni mawili tu, na muwe na chenji.