Guild Wars 2: hapa hupekuliwi
Nimecheza Guild Wars 2, gemu ya mtandaoni ya wachezaji wengi, miezi minane, kwenye saiba ya jirani hapa Majengo, na kilichonishika ni kitu ambacho hakimo. Hakuna kitufe cha kumbofya mchezaji mwenzako ukaona silaha na deraya zake zote. World of Warcraft, gemu nyingine ya aina hii, inacho. Huku, anayetaka kuonyesha anabandika kifaa chake mwenyewe kwenye gumzo.

Kwangu hiyo ni stara. Kabla ya hapa nilikuwa kwenye gemu nyingine, siitaji jina. Nikiingia kundini tu, mtu ananifungua, anaona buti za daraja la chini, na sijarusha hata mshale mmoja nishatolewa. Mara tatu usiku mmoja, na saa nimeshailipia!

Rafiki yangu wa Kisauni hakubali. "Wewe ukinunua samaki humfunui mashavu?" Hapo ana neno. Kiongozi wa kundi zito ana haki ya kujua kama mtu kaja na vazi la kushambulia ilhali kaitwa kutibu. Basi na aulize, kuonyesha ni sekunde mbili. Tena deraya za daraja la juu kabisa huku zinaipita ya chini yake kidogo tu. Ukifa hovyo, laumu vidole.

Mchezo wa msingi ni bure tangu 2015. Seva ninayotumia iko Ulaya, mawasiliano yanachelewa njiani, kwa hiyo ukikwepa panga, unakwepa limeshakukata. Nyota nne, ya tano imemezwa na bahari.